Skauti wa Siku za Upepo

Upepo ukivuma, hakukaa nyumbani. Watu wengine wa Bura walifunga madirisha, wakajifunika shuka usoni, wakangoja vumbi litulie. Yeye ndipo alipovaa viatu. Nilikuwa nikimwona kupitia ua wetu wa miba, amesimama katikati ya uwanja wake, kichwa kimeinuka kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Huchota mchanga kwa vidole, akauachia, akatazama unakopeperukia. Kisha huingia ndani, hutoka na fimbo na dumu dogo la maji, na hapo wameondoka, yeye na mwenzake wa zamu, mpaka jioni.

Tulimwita Skauti. Ndivyo wanavyoitwa walinzi wa wanyamapori wanaochaguliwa kutoka vijiji vyenyewe, wale wanaozunguka porini bila bunduki wakitafuta mitego na nyayo za majangili. Skauti walikuwa wengi, lakini ukisema jina hilo pale kwetu bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati, mtoto wa Kitui, nimepelekwa Bura bila kujua hata namna ya kujibu salamu ya wenyeji Wasomali. Nyumba niliyopewa ilipakana na yake. Yeye aliniita Sista. Mkewe aliniambia nimwite Eedo, yaani shangazi, na nikamwita hivyo mpaka mwisho.

Kiswahili chake alikiokota sokoni na kwa maaskari. Upepo kwake ulikuwa "ubebo," vizuri ilikuwa "fizuri," na kila kitu duniani kilikuwa "hii" au "ile," kiwe kimoja kiwe mia. Lakini alikisema bila haya, na akitaka uelewe, ulielewa.

Tuligombana wiki ile ile niliyofika. Nilikuwa napiga gumzo na Eedo uani, nikasema kwa mzaha kwamba kwetu Kitui wazee wanasema hakuna nyama tamu kama ya digidigi. Skauti alikuwa amelala kivulini, nikidhani amesinzia. Akainuka akakaa.

"Wewe umekula?"

"Nilipokuwa mdogo. Babu alileta."

"Babu yako yuko wabi sasa?"

"Alishafariki."

"Bahati yake," akasema, akalala tena.

Eedo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nilikasirika siku mbili tatu. Baadaye nikajua kwamba huyu aliyenitisha kwa ajili ya digidigi alikuwa, katika ujana wake, mwindaji aliyejulikana kutoka pale kwetu mpaka karibu na mpaka wa Somalia.

Hakulificha jambo hilo. Alilisimulia hata bila kuulizwa, hasa akiwa na chai mkononi. Chai yake ilikuwa ya maziwa, na sukari ilitiwa mpaka kijiko kinasimama. Nilipomwambia sukari hiyo itamuua, alisema dawa zangu ni chungu na ni lazima uchungu utolewe na kitu. Mtu aliyelala porini simba wakinguruma aliogopa sindano kiasi cha kumshika Eedo mkono na kufumba macho. Alikuwa na tabia ya kukata ndala za tairi kwa ajili ya jamaa yake yote. Kisu chake kilikuwa kifupi, na wakati wa kukata aliuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Hata mimi alinikatia jozi. Zilinichubua, nikazivaa hivyo hivyo kwa sababu alikuwa akizitazama kila nilipopita.

Siku bora ya kuwinda swala, alisema, ni siku ambayo mtu mwenye akili hatoki nje. Siku tulivu swala husikia kijiti kikivunjika ng'ambo ya bonde. Upepo ukiwa mkali, masikio yake yamejaa kelele. Kila kichaka kinatikisika, kwa hiyo hata macho hayajui kipi ni tawi na kipi ni mtu. Anasimama nyuma ya miti kujikinga, hana raha, anageuza kichwa huku na huku. Kilichobaki ni pua tu. Basi wewe mwendee upepo ukikupiga usoni, na ukigeuka, lala chini kama maiti.

"Yeye anaogoba kila kitu," alisema, "kwa hiyo hakuogobi wewe."

Kisa alichokisimulia zaidi kilikuwa cha swala twiga jike, wale wenye shingo ndefu wanaosimama kwa miguu ya nyuma ili kula majani ya juu. Alimfikia karibu sana, siku ya upepo, kwa bunduki ya kuazima. Akampiga akiwa amesimama hivyo, miguu ya mbele imepita ndani ya matawi ya mgunga. Hakuanguka. Miguu ilinaswa kwenye matawi, akabaki amesimama, amekufa, upepo ukimyumbisha pamoja na mti. Na chini yake mtoto wake akaendelea kungoja anyonye.

Wageni waliokuja kuona hifadhi walipelekwa kwake ili wasikie kisa hiki. Alikimaliza kwa kusema kwamba siku hiyo aliitupa bunduki na kuapa. Mgeni mmoja mwanamke alilia. Walipokwisha kuondoka nilimwambia kimemgusa hata dereva.

"Mimi sikuacha ile siku," akasema. "Nilichinja yule mtoto bia. Niliwinda miaka mingi baadaye. Niliacha kwa sababu mwenye bunduki alikuja kuchukua bunduki yake."

"Sasa mbona unawaambia hivyo?"

"Wanatoka mbali, Sista. Uwaambie nini?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Lakini usidhani ulinzi wake ulikuwa wa uongo. Wakati wa ukame alikwenda kwenye silanga, lile bwawa la kuchimbwa, akawazuia wachungaji kidogo ili hirola waliokuwa wamejificha vichakani wapate kunywa. Swala hao wamebaki wachache mno, na karibu wote wako upande wetu. Wachungaji walimfokea: ng'ombe wao wafe kwa ajili ya swala? Aliwajibu, "Ng'ombe yako iko na wewe. Hii iko na nani?" Walimtukana, na wengine waliokota mawe. Jioni ya siku kama hiyo alimchukua mbuzi wake mwenyewe akampelekea yule aliyemtukana zaidi, kwa kuwa alisikia mke wa mtu huyo amejifungua. Eedo aliyekamua mbuzi huyo hakuulizwa.

Yeye na Eedo walikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, Dekow, mtu mzima mwenye mke na watoto. Aliishi nje ya mji na ng'ombe wake. Alifanana na baba yake kwa mwendo, ila alikuwa mpole zaidi na hakupenda maneno. Akija mjini alipitia kwangu kwanza kunisalimia, ndipo aende kwao. Eedo alimwandalia chakula kana kwamba atasafiri kwenda Makka.

Kisha mvua zikakosekana, na zikakosekana tena. Sitaeleza sana ukame huo. Aliyeuona anaujua, na asiyeuona hataamini mizoga ilivyojipanga kandokando ya barabara. Ng'ombe wa Dekow walikwisha. Wa mwisho waliinuliwa kwa mikono kila asubuhi wasimame, mpaka asubuhi waliyokataa kusimama. Eedo alibeba unga kichwani kuwapelekea wajukuu. Skauti aligawa mshahara wake kadiri alivyoweza. Zahanati yangu ilijaa watoto wenye nywele nyekundu na matumbo makubwa, na wawili kati yao walikuwa wa Dekow.

Ikaja hagaa, kiangazi chenye upepo. Siku moja ulivuma tangu alfajiri, na Skauti akaondoka na mwenzake kama kawaida. Yaliyofuata niliyasikia kwa mwenzake huyo na kwa mke wa Dekow, kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana.

Walikuta damu chini ya mgunga na matumbo yaliyofunikwa kwa matawi. Pembeni kulikuwa na kichwa cha hirola. Nyayo zilikuwa zimefutwa na upepo mahali pa wazi, lakini nyuma ya vichaka zilibaki. Zilikuwa za ndala za tairi, na mkato wa kisigino ulikuwa wa kisu chake mwenyewe. Mwenzake akamuuliza, "Unajua hizi ni za nani?" Skauti akasema, "Twende."

Walifika kwa Dekow sufuria ikiwa motoni. Watoto walikuwa wamezunguka sinia, wanakula bila kuongea, jinsi watu wenye njaa wanavyokula. Dekow aliwaona, akasimama. Skauti alitoa salamu, akaketi mkekani. Mkwewe alikuwa ameshika upawa, hajui aupeleke wapi.

"Wape," akamwambia. "Acha watoto washibe kwanza."

Basi wakakaa. Mwenzake alibaki mlangoni ameelekea nje. Mke wa Dekow aliniambia hajawahi kuona chakula kikichukua muda mrefu hivyo. Walipomaliza, Skauti alimimina maji, akawaosha mikono mmoja mmoja, mpaka yule mdogo kabisa aliyekuwa akitaka kuendelea kulamba vidole. Kisha akasema, "Dekow, inuka."

Dekow hakukimbia wala hakubisha. Alivua ndala, akaziacha mlangoni, akatembea peku mbele ya baba yake mpaka barabarani gari la serikali lilipowakuta.

Alihukumiwa kifungo Garissa. Kwa hirola sheria haina huruma, na Skauti ndiye aliyesimama kizimbani kutoa ushahidi. Alitoa kwa Kisomali, mkalimani akatafsiri, akashuka.

Tangu hapo akawa mtu mkubwa. Chifu alimtaja katika baraza: mnamwona huyu, hakumwachia hata mwanawe mwenyewe. Msikitini alitolewa mfano wa uadilifu. Wageni wa hifadhi hawakuambiwa tena kisa cha swala twiga. Waliambiwa hiki, na wengine, sio yeye, ndio waliokisimulia, yeye ameketi pembeni akitazama vidole vya miguu yake. Nami nilimheshimu. Nilipokwenda likizo Kitui niliwasimulia watu wa nyumbani kwamba nina jirani ambaye angekuwa kiongozi, nchi hii ingenyooka.

Eedo hakusema lolote, na namaanisha hivyo hasa. Aliacha kumsemesha. Alipika, akafua, akamwekea maji ya kutawadha, lakini neno halikutoka. Akitaka jambo, alikuja uani, akaniita mimi.

"Sista, mwambie chakula kiko tayari."

Skauti angekuwa hatua chache kutoka hapo. Mwanzoni nilidhani ni hasira ya siku chache, nikacheka, nikamwambia, "Skauti, chakula kiko tayari." Akaitikia, "Mwambie nakuja." Nikafikisha. Baada ya miezi sikucheka tena. Nilikuwa nikitoka kazini, miguu imevimba, nasimama kwenye ua wa miba nikipeleka maneno ya watu wawili waliolala chini ya paa moja.

Niliwahi kumwambia Eedo kwamba mumewe alifanya lililo haki. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Sista, wewe una mtoto?"

Wakati huo sikuwa naye, nikamwambia hivyo.

"Basi tuongee ukipata."

Nilipata, na tukawa hatujaongea, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu ilijaa maji, pumzi ikawa fupi. Nilimwandikia aende hospitali Garissa, akakataa. Alisema hataki kwenda mji ambao mwanawe yumo na haruhusiwi kumwona kila siku. Alikuja kulala zahanati kwetu. Skauti alikaa kwenye stuli kando ya kitanda, kofia magotini. Asubuhi ya mwisho Eedo aliomba maji kwa ishara. Skauti aliniangalia kana kwamba anataka nimpe mimi. Nikageuka nikajifanya napanga chupa. Akamwinua kichwa, akamnywesha kwa mkono wake, naye akanywa yote, kisha akageuza uso ukutani. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa msamaha au ilikuwa kiu tu.

Dekow hakumzika mama yake. Alipotoka jela alifika Bura mchana, akaenda makaburini, akaomba dua, akapita mbele ya nyumba ya baba yake bila kugeuza shingo. Alimchukua mkewe na watoto wakahamia Ifo, kule kambi ya wakimbizi, ambako alipata kazi ya kupakua mizigo sokoni. Alipopita, mimi na Skauti tulikuwa uani. Tulimtazama pamoja mpaka akapotea kwenye kona ya duka.

"Amekonda," akasema.

"Atanenepa."

"Hajavaa kofia. Jua hii."

Aliendelea kutoka siku za upepo, peke yake hata alipostaafishwa, mpaka macho yakaanza kumsaliti na akarudishwa nyumbani na wachungaji, wale wale aliowafukuza kwenye silanga. Mimi nikahamishwa kwenda Garissa. Tuliagana vibaya, kwa haraka, lori la mizigo likipiga honi.

Miaka imepita. Mwaka jana nilikuwa napita kwenye kliniki ya macho ya hospitali ninayofanyia kazi, kabla ya saa ya chakula, nikamwona ameketi benchini kati ya watu. Alikuwa amekuwa mdogo, kanzu imemmeza. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Nilisema salamu tu, akatabasamu.

"Sista. Bado unavaa ile kiatu inalia."

Nikaketi karibu naye. Nikamuuliza habari za Bura, akajibu zote ni nzuri, kama inavyopasa. Nikamuuliza amekuja na nani.

"Beke yangu. Nimetoka Ifo."

"Kwa Dekow?"

"Kwa Dekow."

Nilifurahi, nikamshika mkono, nikasema Mungu ni mkubwa. Hakuujibu mkono wangu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wewe uliniheshimu kwa ile mambo. Najua. Watu wote. Sasa mimi nakuambia kitu. Ile siku, kama nilikuwa beke yangu, ningefuta ile nyayo. Ningetembea juu yake mbaka iishe. Ile kichwa ningezika. Lakini yule mwenzangu aliona. Aliniuliza ni ya nani, nikaangalia uso yake, nikajua anajua. Nikaogoba. Niliogoba kazi, niliogoba watu watasema nini. Sheria? Sikufikiria sheria hata kidogo. Nilibokuwa naosha watoto mikono nilikuwa natafuta njia, nikakosa."

Muuguzi wa kliniki aliita jina la mtu mwingine. Mzee mmoja akainuka, akaongozwa ndani.

"Nilienda kumwambia Dekow hivyo," akaendelea. "Nilikuwa naona nitakufa. Nilitaka ajue kwamba ningemficha. Kwamba mimi ni baba kama baba wengine."

"Akasemaje?"

Aliponijibu, alitafuta maneno polepole, akiyatoa kwenye Kisomali moja moja, kama mtu anayetaka yasipungue wala kuzidi.

"Alisema, 'Aabo, kule ndani kila siku nilijiambia, baba yangu ni mtu wa haki. Angekuwa mtu yeyote, angefanya hivyo hivyo. Nilikuchukia, lakini hiyo ilinisimamisha. Sasa umekuja kuichukua.'"

"Halafu?"

"Halafu akaniletea chai, akatoka. Mke wake ndiye alinibeleka kwa gari."

Nilitaka kumwambia kwamba ukweli ni ukweli, lakini niliutazama uso wake na nikaona sentensi hiyo haina kazi pale.

Daktari alisema jicho moja laweza kupasuliwa, la pili limechelewa. Nilimuuliza Skauti atakaa wapi akishapasuliwa. Akasema kwangu, nikikubali. Alikaa nasi. Binti yangu alimzoea haraka, akawa anamsomea vitabu vyake vya shule kwa sauti, naye akiitikia kila aya kana kwamba ni hotuba. Chai nilimtilia sukari mwenyewe, na sikumwambia neno.

Siku ile bandeji ilipotolewa, nilimleta nyumbani, nikamketisha karibu na dirisha. Alitazama kuta, akanitazama mimi, akatazama mikono yake mbele na nyuma. Alisema anaona watu kama walio ndani ya vumbi, ila anaona. Nikachukua simu nikampigia Dekow. Sikuwa nimemwomba Skauti ruhusa. Nilijitambulisha, akanikumbuka. Nilimweleza kwamba baba yake yuko kwangu na amepasuliwa jicho.

Kulikuwa na kelele za soko upande wake, mikokoteni na watu wakipigiana kelele. Nikadhani amekata.

"Anaona?" akauliza.

"Anaona kidogo."

"Haya," akasema. "Haya, Sista. Asante." Akakata.

Skauti alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwangu.

"Alisema nini?"

"Ameuliza kama unaona."

"Aliuliza yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Nimemwambia unaona kidogo."

Akapangusa jicho lile jipya kwa mgongo wa mkono, taratibu, jambo aliloagizwa asifanye.

"Ungemwambia naona fizuri," akasema. "Anabeba magunia kutwa nzima. Ungemwambia naona fizuri."